Kijiko cha Kugongea Mabomba

Asubuhi ile, kabla mdogo wake hajamletea pikipiki na balaa lake, Sindano alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa karakana, akilitazama jua kupitia sega.

Sega lenyewe halikuwa la nyuki. Lilikuwa la chuma: bati jembamba kama ganda la kitunguu, limekunjwakunjwa na kuviringishwa likajaa vitundu, kila kitundu chembamba kuliko punje ya mchele. Makao yake ni ndani ya shingo ya eksozi, lile bomba linalotoka kifuani mwa pikipiki, pale linapovimba kama chatu aliyemeza sungura. Moshi wa injini ukipita humo huacha sehemu kubwa ya ukali wake. Ukitoka ni moshi bado, lakini moshi uliofundishwa adabu.

Sindano alipenda kuyatazama masega. Ulimwengu ukiutazama kupitia sega haukubali kukaa kipande kimoja. Kamba ya nguo, ukuta wa jirani, paka juu ya ukuta, vyote huvunjika vikawa vidirisha, na kila kidirisha kina jua lake dogo. Ukilisogeza sega kidogo tu, majua yote huhama pamoja, kama umati uliosikia jina lake likiitwa kwa mbali. Angeweza kukaa hivyo mpaka chai ipoe, na mara nyingi ilipoa.

Akishatosheka hulitia ndani ya sanduku la bati chini ya meza pamoja na wenzake, likamngoje Sumaku.

Sumaku ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Msimu ukigeuka ndipo utamwona, anasukuma mkokoteni wake na kuyageuza masega mkononi kama mtu anunuaye samaki asiyemwamini muuzaji. Ndani ya yale matundu mmepakwa madini ya thamani, mepesi kama ukungu juu ya kioo. Yanakwenda wapi? “Kwa wakubwa,” husema Sumaku, akinyoosha kidevu upande wowote ule. Madini hayo yalichimbwa na watu waliokohoa, yakapakwa kwenye chuma ili wengine wasikohoe, kisha yanang’olewa na maskini ili yarudi kwa tajiri. Ufuate mzunguko huo kwa kidole. Utaona hapana hata mahali pamoja ambapo tajiri ametoa kitu. Mlango wake hufunguka kwa kupokea tu.

Na Sindano naye alikuwa kwenye mzunguko huo, tusimfiche. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na jina alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya mshono wake. Wengine wakiunga bomba, pale pa kuungia pamevimba kama kovu la jeraha baya. Yeye akishaunga, hupiga tupa, hupiga msasa, hupitisha moto mwembamba mpaka chuma kirudishe rangi yake ya dhahabu na samawati. Hata bomba lenyewe likiulizwa litaapa halijawahi kupasuliwa. Basi wapanda pikipiki wa kituo cha pale pembeni walimjia mmoja baada ya mwingine. Sega likitoka, injini hupata nguvu mlimani, na sauti yake hujaa mtaa mzima, abiria akakusikia ungali kona ya pili.

“Inapumua sasa!” walisema, wakivuta mafuta.

Pikipiki zipumue. Watu watajua wenyewe pa kupumulia.

“Dada, umeamka?”

Huyo ndiye mdogo wake, Upepo, anaikokota pikipiki mpya huku kofia yake ngumu ikining’inia kiwikoni kama kikapu cha sokoni.

“Nimelala,” alisema Sindano bila kulishusha sega jichoni. “Hapa unaongea na ndoto. Sema shida yako upesi kabla sijaamka.”

“Leo unanitolea sega.”

“Tayari nimeamka. Hapana.”

“Wote umewatolea! Mimi niliyenyonya ziwa moja na wewe unaninyima?”

“Wewe pikipiki yako inalala chini ya dirisha la mama.”

“Na zao zinapita chini ya dirisha la mama, asubuhi na jioni.” Upepo aliegemeza pikipiki ukutani. “Moshi huulizwa jina kabla ya kuingia chumbani? Huambiwa, wewe ni wa mgeni, pita, wewe ni wa mwana, ngoja?”

Sindano alilishusha sega. Majua yote yakazimika.

“Unajua wananiitaje kituoni?” aliendelea mdogo wake. “Muuguzi. Eti pikipiki yangu inanyata kama muuguzi wa wodini. Abiria hawanisikii nikija. Jana mlimani nimepitwa na baiskeli ya muuza mikate!”

“Muuza mikate ana miguu. Wewe una mdomo.”

“Cheka, dada. Lakini wanaokula kwa mdomo huu ni pamoja na mama.”

Maneno hayo yalimpata, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akatazama juu, kwenye dirisha.

Mama yao aliishi chumba cha ghorofani, dirisha likitazama kichochoro. Kichochoro chenyewe ni chembamba, kina kuta ndefu pande zote mbili, na kinachoingia humo hakitoki upesi, iwe harufu, uvumi au moshi. Kifua cha mama kilikuwa kama mlango wenye bawaba mbovu: kikifunguka, nyumba nzima inasikia. Muuguzi wa kweli, yule wa zahanati, alikwisha sema kwamba mgonjwa huyu asikae penye moshi. Mama mdogo, aliyeishi mbali ng’ambo ya mto, kwenye uwazi na upepo, alikwisha tandika kitanda kabisa. Lakini mama alikwisha apa.

“Moshi ulinihamisha mara moja nikiwa msichana. Haunihamishi tena. Humu mtanitoa nimebebwa.”

Hicho ndicho kilichokuwa mizanini, msije mkasema hamkuambiwa: pumzi ya mama, na chumba chake.

Kuhusu kuhamishwa huko kwa kwanza, iko habari, nayo isimuliwe, maana waliohusika wangependa sana isahaulike. Katika usichana wake mama alikuwa mpika chai kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Bomba la kiwanda lilitema vumbi la kijivu, likatua juu ya mapaa, juu ya nguo, juu ya uji wa watoto. Watu wakapiga kelele mpaka mwenye kiwanda akaleta sanduku kubwa la chuma, akalifunga mguuni mwa bomba, akalipaka rangi ya kijani. “Kichujio hicho,” akasema. “Sasa mtavuta hewa ya milimani.” Vumbi likaendelea kutua. Aliyelalamika aliambiwa ana macho mabaya.

Siku moja wakaja wageni wakubwa kukagua, viatu vyao vinang’aa kuliko nyuso zao. Wakasimama mbele ya sanduku wakiisifu rangi. Mama alikuwa amebeba sinia la chai. Akalitua sinia chini, akachukua kile kijiko kirefu cha kukorogea, akanyoosha mkono, akagonga sanduku la kijani.

Ngooooo.

Lililia kama kengele. Ndani hamkuwa na kitu, hata buibui. Watu wote wa uwanjani walisikia, na sauti ikaenda ikirudi kati ya kuta muda mrefu, kana kwamba inatafuta mtu wa kuipokea.

Wageni walitazama saa zao. Walikunywa chai, wakashukuru, wakaenda zao. Mama alifukuzwa jioni ileile, na chumba alichopangishiwa na kiwanda kikachukuliwa. Vikombe walivihesabu mbele yake. Kijiko hawakukikumbuka. Wengi waliosikia ile kengele hawapo leo, vifua vyao viliwatangulia. Mwenye kiwanda yeye alizeeka vizuri, akazikwa na hotuba.

Tangu siku hiyo mama hakuacha kugonga. Sokoni aligonga matikiti, mitungi, sufuria zinazodaiwa kuwa nzito. Nyumbani aligonga kuta na milango. Walipokuja watu kumposa Sindano, mama alimpelekea bwana harusi chai, akiwa njiani akagonga mguu wa kiti alichokalia, akainama kusikiliza, akatikisa kichwa. Posa ikafa palepale. Baadaye ilijulikana hakukosea sana.

“Debe tupu haliachi kuvuma,” alikuwa akisema, “ila watu hawaligongi. Wanaogopa kuambiwa ndio waliolitoboa.”

Sasa, mtu wa namna hiyo unamficha nini? Sindano alimwambia kwamba anaziba nyufa za mabomba. Lakini siku moja mama alishuka kununua chumvi, akaipita pikipiki ya mwenyekiti wa kituo imesimama, akagonga shingo ya eksozi kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyopapasa kichwa cha mtoto wa jirani. Akasimama. Akalaza sikio begani.

“Hii mbona inalia?”

“Imechakaa, mama.”

Mama alimtazama kama unavyotazama sufuria inayodai imechemka na huoni mvuke. Kisha akaenda kununua chumvi.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa, tena si kosa la mtu asiyejua kazi. Mbumbumbu asingeliweza. Sindano alianza kununua nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria yaliyoungua. Kila aking’oa sega, husokota donge la nyuzi, akalishindilia ndani ya uvimbe mtupu, ndipo akashona. Akawarudia na wale wa mwanzo, kwa kisingizio cha kukagua mshono, akawashindilia nao. Sasa ukigonga: du. Zito, fupi, kama bomba lenye sega lake. Mama alipita, akagonga, akaridhika, akapanda ngazi polepole. Sindano alibaki chini na kinyago chake cha kuchomelea kichwani, akijiona mjanja kwa kulidanganya sikio lililowaumbua wakubwa.

Mwenye kiwanda hata yeye hakufika huko. Alitengeneza uongo mmoja, akauacha wazi, agongaye agonge. Hakujisumbua kuujaza.

Basi asubuhi ile Sindano alilitazama dirisha, akamtazama mdogo wake, akasikia lile neno la ziwa moja likizunguka kichwani, akainuka.

“Ilaze upande. Na ukae kimya, nisikie chuma.”

Kazi ilipoanza, ulimwengu ulimwondokea kama kawaida. Alipuliza mafuta kwenye nati mbili zinazoikaza shingo kwenye silinda, akazisubiri, maana nati ya eksozi ukiilazimisha hukatika, na ukiibembeleza hufunguka. Alichomoa waya wa sensa, kile kidude kinachoupima moshi, akaufunga pembeni kwa uzi. Shingo ilipotoka mkononi ilikuwa ingali na uvuguvugu wa safari, uvuguvugu wa kitu kilicho hai. Aliichora alama, akaibana kwenye meno ya jiliwa pale mezani, akawasha mashine ya kukatia. Cheche zikamwagika miguuni mwake, mto wa dhahabu usiochoma mtu. Ndani ya mto huo aliona mambo: mkono wenye kijiko, mkono mwepesi wa msichana, unanyooka kuelekea jambo la kijani. Akapepesa macho. Bomba lilikuwa limeshafunguka.

Sega la mdogo wake lilikuwa safi kuliko yote. Hakuliangalia jua kupitia hilo. Alilitia sandukuni haraka, likiwa kifudifudi, kama mtu anayefunika uso wa aliyelala. Akasokota nyuzi, akashindilia, akashona, akapiga tupa, akapiga msasa, akapitisha moto. Upepo alipoiwasha, bati la karakana lilitetemeka.

“Inapumua!” alipiga kelele, akaondoka na ngurumo yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifika kituoni baada ya sauti yake.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kwa namna ya ajabu. Kulipopambazuka, pikipiki zilipowashwa na bado kuna giza jepesi kichochoroni, midomo ya eksozi ilitema vinyota. Vyekundu, vidogo, vikipepea na kuzimika kabla ya kugusa ardhi, kama vimulimuli waliopotea njia. Watoto walitoka na nguo za kulalia kuvitazama. Sindano naye alivitazama, kikombe mkononi, akaona vinapendeza. Alikuwa fundi aliyejua chuma kinavyoungua, na bado alikaa pale akiona kwamba vinapendeza. Usingizi wa aina hiyo ni mbaya kuliko wa kitandani, maana macho yako wazi na mtu anakusalimia unaitika.

Kisha likaja vumbi. Shuka nyeupe ziliteremshwa kambani zikiwa na rangi ya kutu. Paka akipita juu ya ukuta huacha alama za nyayo. Kichochoro kizima kilivaa wekundu laini, na jua la jioni likiingia humo kila kitu kilikuwa kama kimeokwa: kuta, ngazi, mikono ya watu. Majirani walisema ni upepo, umetoa udongo mahali fulani. Wengine walisema ni mafundi wa paa. Hakuna aliyesema ni mabomba. Aliyejua hakusema.

Nyuzi za chuma haziwezi pumzi ya injini. Sega lilitengenezwa kwa moto huo. Nyuzi zilitengenezwa kwa ajili ya sufuria. Zilikuwa zinaungua kidogokidogo, zikigeuka kuwa cheche, cheche zikawa vumbi, vumbi likapanda na moshi usiochujwa, na kichochoro kikalishika lote kikalipandisha dirishani.

Mama alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha. Akakitazama kidole. Akakiweka kwenye ulimi.

“Chuma,” alisema.

“Ni udongo, mama,” alisema Sindano, amembebea uji.

“Mimi nimekula vumbi la kiwanda kabla hujazaliwa. Lile lilikuwa la kijivu, hili jekundu. Ladha ni ya ukoo mmoja.”

Alikunywa uji kidogo, akalala. Sindano alikaa kando ya kitanda akiisikiliza ile bawaba: inafunguka, inakwama, inafunguka. Kila ilipokwama naye aliizuia pumzi yake mwenyewe bila kujua.

Haikuchukua muda. Mchana mmoja mama alishuka ngazi akaishia katikati. Aliketi hapo, mkono ukutani, midomo imebadilika rangi, akiitafuta pumzi kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mbele ya mlango wake. Upepo alimbeba mpaka zahanati, akamrudisha akiwa na nafuu ya kuazima. Mama mdogo akaja na gari la kukodi na mkoba mtupu wa kutilia nguo.

“Dada, inatosha,” alisema mama mdogo. “Kiapo si koti la kuzikwa nalo.”

“Nipe kijiko changu,” alisema mama.

“Kijiko cha nini sasa?”

“Nimesema nipe.”

Alishuka mwenyewe, ngazi moja, pumziko, ngazi nyingine, pumziko. Ilikuwa saa ya chai, na pikipiki za kituo zilikuwa zimesimama safu kando ya karakana, wenyewe wamekaa kivulini na vikombe vyao. Ya kwanza kabisa, chini ya dirisha, ilikuwa ya Upepo. Mama alinyoosha mkono. Mkono ulikuwa umezeeka, lakini ulijua njia.

Ngooooo.

Upepo alikitua kikombe chake.

Mama akasogea kwenye ya pili. Ngooooo. Akasogea. Ngooooo. Kila moja na kengele yake, moja nene, moja nyembamba. Sauti zikakutana kati ya zile kuta ndefu, zikapanda, zikarudi. Wapanda pikipiki waliacha kutafuna. Mwenyekiti wao alitaka kusema kitu, akaona sauti bado haijaisha, akangoja. Kichochoro chekundu, mwanamke mzee, kijiko, na kengele zisizokuwa na nyumba ya ibada: aliyekuwa pale atakwambia kwamba kwa muda huo hakuwa na hakika kama yuko macho.

Sindano alikuwa amesimama mlangoni, kinyago kimeinuliwa.

“Juzijuzi zilikuwa zinanyamaza,” alisema mama, akivuta pumzi baada ya kila maneno machache. “Nilizigonga. Zilinyamaza. Nani alizinyamazisha?”

Angeweza kusema ni kuchakaa. Angeweza kusema ni udongo. Uongo ulikuwepo mwingi, wa kuchagua.

“Mimi, mama.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa naogopa kijiko chako.”

Mama alicheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, mama mdogo akamshika kiuno. Alipoinuka macho yalikuwa na machozi, na haikujulikana ni ya kipi kati ya hivyo viwili.

“Yule wa kiwanda hakukiogopa,” alisema. “Ningekuwa nimemwona anakiogopa hata siku moja, ningekufa nimeridhika. Wewe umekiogopa ukayashindilia mabomba yasilie. Sasa mwanangu, mimi nikuweke fungu gani? La kwao, au la kwetu?”

Sindano alizitazama nyayo zake kwenye vumbi.

“Niliapa hamtanitoa,” mama akasema, sasa kwa sauti ndogo. “Sikuapa sitatoka. Natoka kwa miguu yangu. Pokea.”

Akampa kijiko. Kilikuwa na joto la kiganja chake. Gari liliondoka polepole, na sura ya mama nyuma ya kioo haikugeuka. Dirisha la juu lilibaki wazi, pazia likitoka nje na kurudi ndani, likipumua badala yake.

Sumaku alifika msimu ulipogeuka, akaliinua sanduku la bati kwa mkono mmoja, akatabasamu.

“Zito. Umefanya kazi, fundi.”

“Rudisha chini.”

“Bei tutaelewana.”

“Siuzi.”

“Haya, unayafanyia nini? Unapikia?”

“Napumulia.”

Sumaku alimtazama, akatazama dirisha wazi, akatazama kuta nyekundu, akaamua kwamba na mwenye wazimu hakuna kupatana bei. Akasukuma mkokoteni wake. Kwenye kona alisikika akiuliza watu kama kuna fundi mwingine karibu. Yupo, na wapo wengi. Msidhani habari hii inaisha kwa wakubwa kukosa masega.

Ya kwanza kurudishiwa sega ilikuwa ya mdogo wake. Sindano alifungua nati, akakata mshono wake mwenyewe, ambao alilazimika kuutafuta kwa kucha kwa jinsi alivyouficha, akatikisa bomba, na ndani yake mkatoka kiganja kimoja cha unga mwekundu. Nyuzi zote zimebaki hivyo. Akalitia sega mahali pake, akaunga. Kisha akaweka chini chombo cha kuchomelea na kuanza kukusanya vifaa.

“Dada, hujamaliza,” alisema Upepo. “Tupa je? Msasa? Mshono umekaa kama kovu la ng’ombe!”

“Uonekane.”

“Watanicheka.”

“Wakicheka waambie ni wa Sindano, ameushona kwa macho wazi.”

Kijiko alikifunga kwa kamba kwenye nguzo ya mlango wa karakana. Sheria ikawa moja: anayetaka kazi yoyote, iwe kuunga stendi au kuziba tangi, agonge kwanza shingo ya eksozi yake mwenyewe, mbele za watu. Akigonga ikalia, haguswi mpaka akubali kurudishiwa sega. Wengine walitukana wakaenda kwa fundi wa ng’ambo, ambaye mshono wake unafunguka mvua ikinyesha. Wakarudi. Mwenyekiti wa kituo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

“Ningetaka kutembea na muuguzi ningeenda zahanati,” alisema.

“Utaenda tu, mwenyekiti. Hii foleni ni moja.”

Wenzake walicheka, naye hakucheka, akavuta mafuta makusudi mpaka paka akaruka kutoka ukutani. Lakini kicheko kile kilikuwa kimehama upande. Zamani kilimfuata Upepo. Sasa kilianza kumfuata anayenguruma. Mabomba yenye makovu yaliongezeka kituoni, na wapanda pikipiki wakaanza kuyaonyeshana, fulani kovu lake limepinda, fulani lake limenyooka. Mvua ilinyesha, ikasuuza kuta. Shuka zilirudia weupe. Asubuhi, kulipopambazuka, hapakuwa na vinyota, na watoto waliotoka kuvitazama walirudi kulala wamenuna.

Sindano hakumtumia mama salamu yoyote. Alimwachia Upepo, aliyekuwa akivuka mto kila alipopata nafasi, na alichorudi nacho kilikuwa kilekile: “Anakula. Analala. Haulizi.”

Mpaka mchana mmoja alikuwa ameinamia bomba, kinyago kimeshushwa, yumo ndani ya ile nuru ndogo ya samawati ambamo hamna mtaa wala miaka. Hakusikia pikipiki ikija. Pikipiki ya aina hiyo haisikiki. Alichosikia ni pale mlangoni, kamba ikivutwa, na kijiko kugonga chuma.

Du.

Akainua kinyago. Nuru ilikuwa bado imejaa machoni, akaona tu umbo, dogo, limeshikilia bega la mtu mwenye kofia ngumu.

“Hii imeshiba,” lilisema umbo. Kisha likasogea kwenye pikipiki ya pili iliyokuwa imesimama hapo, likagonga. “Na hii.” Likasogea tena, kamba ikifika mwisho wake, mkono ukanyooka.

Ngooooo.

“Na hii je?”

“Ya mwenyekiti, mama,” alisema Sindano. “Hataki.”

Mama alivuta pumzi. Bawaba ililia, lakini mlango ulifunguka mpaka mwisho, ukajifunga, ukafunguka tena. Alilitazama dirisha lake, akautazama mshono wa bomba la Upepo, ule mbaya, akaupapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Mbaya kweli,” alisema. “Hata kipofu atauona.” Akafungua kijiko kwenye kamba. “Leteni kiti. Mniwekee hapa hapa, njiani kwake na kwa kila anayenguruma.”

Upepo alikimbilia kiti. Kutoka kona ya mbali, ikinguruma kama mali ya mtu asiyeulizwa, pikipiki nyingine ya kituo ilikuwa inakuja.